Kisigino cha Hortensia

“Farasi wangu si mwongo,” Ciro alisema kwa mara ya tatu, akigonga meza yangu ya kazi kwa mpini wa mjeledi wake. “Canelo ana miaka tisa anavuta gari barabara ya Caibarién. Amepishana na malori ya miwa, amepita katikati ya fataki, hajawahi kusimama njiani. Jana kasimama. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtu kammulika usoni kama polisi anayetafuta mwizi.”

“Farasi wako ni mtu wa mtaa wa El Carmen kama wewe,” Baba akamjibu bila kuinuka kwenye kiti chake cha kubembea. “Nyinyi wa El Carmen mwanga unawashinda tangu zamani. Kila Desemba, mitaa yetu ikishindana, sisi San Salvador tukiwasha taa zetu uwanjani, nyinyi mnafumba macho.”

“Evaristo, leo sikuja kwa utani.”

“Na mimi sitanii. Nilishusha taa. Nilishusha palepale darajani ninaposhushia kila siku.”

“Hukushusha.”

“Nilishusha.”

“Hukushusha, mzee! Nilikuwa na abiria sita na keki. Unajua keki ilikuwa ya nani? Ya binti wa Obdulia, anatimiza miaka kumi na mitano. Mama mtu kaipakata mapajani kama mtoto mchanga. Farasi aliposimama ghafla, keki yote iliniishia mgongoni. Nimefika nyumbani nanata, mbwa wangu mwenyewe kanilamba mpaka kachoka.”

Mimi nilikuwa na feni ya jirani mezani, imefunguliwa tumbo. Nina diploma ya umeme kutoka chuo cha ufundi, na tangu kiwanda cha sukari kifungwe, feni na masufuria ya umeme ya mji mzima wa Remedios yanakuja kufia au kufufukia sebuleni kwangu. Sipendi kelele nikiwa nasuka waya mwembamba. Nikaweka koleo chini.

“Baba, ulijuaje kwamba taa zilikuwa chini?”

“Mguu unajua.”

“Mguu ulikwambia?”

“Nereida, usinitanie mbele ya watu. Miaka arobaini na sita mguu huu unajua.”

Gari la Baba, analobebea abiria, ni la mwaka hamsini na mbili, la Kimarekani, pana kama kitanda cha harusi. Tunaliita Bonge. Injini yake ya asili ilikufa kabla sijazaliwa. Inayonguruma humo sasa ni ya dizeli, iliyokuwa ikisukuma pampu ya maji shambani, na ukiwa ndani yake unapiga kelele ili mtu wa kando yako akusikie. Usukani wa Bonge hauna mkono wa kubadilisha taa. Kuna kitufe sakafuni, kushoto kwa klachi. Ukikikanyaga mara moja taa zinashuka, zinaangalia barabara; ukikikanyaga tena zinapanda, zinaangalia mbali. Kwenye dashibodi kulikuwa na kijitaa chekundu cha kumwambia dereva kwamba taa ziko juu. Balbu yake Baba aliihamishia kwenye redio ya Mama wakati ule wa dhiki, hakuna kitu madukani, na haikurudi tena. Kwa hiyo ni kweli, aliyebaki kujua ni mguu.

“Halafu ulikuwa mchana, bado kulikuwa na mwanga,” Baba aliendelea. “Hata ningekuwa juu, farasi mwenye akili…”

“Saa kumi na mbili na nusu jioni si mchana,” Ciro akasema.

Hapo ndipo binti yangu Yaíma alipoingia kwa mlango wa uani. Ana miaka ishirini, na Ijumaa ni zamu yake kuosha Bonge. Alikuwa ameshika kipande cha raba kinacholala sakafuni upande wa dereva, akakigeuza tuone. Maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye vigae vyangu yalikuwa mekundu.

“Mama,” alisema, “nani kaumia?”

Tulitazamana. Abiria wa mbele hawezi kufikisha mguu pale. Kisha sote tukamtazama Baba, na Baba akatazama raba ile kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

“Vua soksi,” nikamwambia.

“Ya nini?”

“Vua, Baba.”

Hakuvua, nikapiga magoti nikamvua mwenyewe. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto palikuwa na mkato wa urefu wa njiti ya kiberiti, kingo zake nyeupe, katikati pekundu sana. Haukuwa wa leo. Nikaubonyeza pembeni, nikiangalia uso wake na si mguu. Uso haukubadilika.

“Unaumia?”

“Hapana,” alisema. Halafu, baada ya kuona uso wangu: “Kidogo.”

Nina watoto wawili nimewalea. Najua “kidogo” ya mtu anayetafuta jibu ninalolitaka. Kisukari chake tunakijua tangu miaka minne iliyopita. Muuguzi wa mtaa alishamwambia mara mbili, mbele yangu, kwamba mguu unaoanza kufa ganzi usitembee peku hata hatua moja. Na nyumbani hatembei peku. Lakini garini ni jambo jingine, na sikuwahi kulifikiria: kila akiketi kwenye usukani, anavua kiatu cha kushoto.

Ciro alikuwa amevua kofia. Alikuja na ugomvi wa kututosha wiki nzima, akaondoka bila kuumaliza. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, “Mimi keki nimesamehe. Lakini siku nyingine mbele yake hatakuwa farasi mwenye akili, atakuwa mtoto wa mtu na baiskeli.”

“Nimekusikia, Ciro.”

“Mimi na yeye tumeanza shule siku moja. Usimwambie nimesema.”

Niliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, nikakifunga kitambaa safi. Kituo cha daktari kinafunguliwa tena jioni, saa kumi na mbili. Ilikuwa bado saa nzima. Mimi sijui kukaa nikisubiri. Nikachukua bisibisi, koleo na mita mbili za waya.

“Unakwenda wapi na hizo?” Baba akauliza.

“Kuhamisha swichi. Naitoa sakafuni, naiweka chini ya dashibodi, utaibonyeza kwa mkono. Kazi ya nusu saa.”

“Hutaigusa.”

“Ndiyo iliyokukata, Baba. Bati lake limeinuka pembeni, limeota kutu. Umekuwa ukikanyaga kisu.”

“Nitalipiga nyundo lilale. Hutaigusa, Nereida.”

“Kwa nini?”

“Unajua kwa nini.”

Nilijua. Nyumba nzima inajua. Kichwa cha kitufe kilikuwa cha chuma, kikalika kwa miaka hadi kikawa laini kama sabuni, na siku ya mvua kiatu kiliteleza. Desemba moja, mimi nikiwa na miaka saba, mama yangu, Hortensia, alivunja kisigino cha kiatu akikimbia fataki mbele ya kanisa. Kiatu kimoja kizima hakina kazi. Basi asubuhi yake alikaa jikoni, akang’oa ile raba ndogo ya chini ya kisigino kilichobaki, akaichemsha ikalainika, akaenda akaivalisha kitufe cha Bonge. Ilikaa kama iliyozaliwa nacho. Akamwambia Baba, “Sasa utanikanyaga kila siku bila kuniomba radhi.” Baba akavua kiatu cha kushoto. Alisema hawezi kumkanyaga mke wake na kiatu. Tangu hapo anaendesha hivyo, na Mama ana miaka sita kaburini.

Mimi ni mtu wa vitu. Raba ni raba. Lakini sijawahi kumwambia Baba neno hilo, na siku ile sikuwa tayari kuanza.

“Raba nitaihamisha pia,” nilisema. “Itakuwa mkononi. Utamshika mkono badala ya kumkanyaga. Si vizuri zaidi?”

“Mkono una kazi zake. Na mguu wangu hauna shida. Umekatwa, basi, miguu hukatwa.”

“Mguu wako hausikii.”

“Unasikia.”

“Hausikii.”

“Mambo ya sakafuni unasikia. Nipime.”

Alisema kwa hasira, ila alikuwa ametoa wazo lenye maana, na mimi wazo lenye maana silipotezi. “Haya,” nikamwambia. “Twende tukapime.”

Bonge linalala kwenye banda nyuma ya nyumba, pua imeelekea ukuta. Kwenye ukuta huo Baba mwenyewe alichora zamani mistari miwili ya mkaa ya kupangia taa: wa chini ni mahali mwanga unapotakiwa kugonga taa zikishuka, wa juu ni zikipanda. Hakuna kipimo bora nchini. Tuliacha milango ya nyuma wazi ili moshi usituue. Yaíma alisimama ukutani, pembeni kidogo ya mistari. Mimi nilisimama kwenye dirisha la dereva, nikiwa nimeinama niione sakafu.

Baba aliwasha injini, banda zima likaanza kutetemeka. Akawasha taa. Duara mbili za njano zikakaa juu ya mstari wa juu. Mguu wake uliofungwa kitambaa ulikuwa umelala kando ya klachi.

“Funga macho,” nilimpigia kelele sikioni. “Nikigonga mlango, badilisha taa, useme ziko wapi.”

“Hata mtoto anaweza.”

“Funga macho, Baba.”

Nikagonga. Mguu ukainuka, ukashuka. “Chini,” akasema. Duara zikashuka kwenye mstari wa chini.

Nikagonga. “Juu.” Zikapanda.

Nikagonga. “Chini.” Zikashuka.

Alikuwa anatabasamu, macho yamefumbwa, uso umeelekea juu kidogo. Nilijisikia vibaya. Nilifikiri: nimemvua soksi mbele ya rafiki yake, nimemkalisha kwenye mtihani kama mwanafunzi, na amefaulu. Nikagonga tena. “Juu,” akasema, zikapanda.

Nikagonga mara ya tano. Mguu ukainuka, ukashuka. Ulishuka vidole viwili kulia kwa kitufe, kwenye bati tupu la sakafu. Akabonyeza kwa nguvu ileile, kwa uhakika uleule.

“Chini,” alisema.

Duara zilikuwa juu kabisa. Mwanga ulimpiga Yaíma kifuani na kidevuni, hakusogea. Alinitazama. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, sikusikia, kisha akapaza sauti ishinde injini.

“Chini, Babu! Sawasawa!”

Binti yangu si mwongo. Nimemfundisha kusema ukweli hata unapomgharimu, na nimempiga kofi moja tu maishani, kwa ajili ya uongo. Siku ile alidanganya vizuri, bila kupepesa, mwanga wote wa Bonge ukiwa umemjaa mwilini. Nami nilimwelewa kabisa. Mzee alikuwa anatabasamu. Ningenyamaza sekunde tatu zaidi, ningegonga mlango, pengine ya sita angeipata, tungezima injini, tungekunywa kahawa.

Nikafikiria mtoto wa mtu na baiskeli.

“Fumbua macho, Baba.”

Akafumbua. Kwanza alitazama ukuta. Akatazama mstari wa juu, ule alioupiga mwenyewe kwa mkaa, akarudi kwenye mguu wake. Aliutazama muda mrefu. Ulikuwa bado umekandamiza bati, vidole viwili kando ya kisigino cha Hortensia, nacho kimekaa pale cheusi, kidogo, hakijaguswa.

Alizima injini.

“Nilidhani nipo juu yake,” alisema.

“Najua.”

“Nimesikia kabisa. Nimesikia ikizama.”

“Ni mazoea, Baba. Ni kumbukumbu ya mguu, si mguu.”

Yaíma alikuja akasimama upande wa pili wa gari. “Samahani, Mama,” akasema. “Samahani, Babu.”

“Wewe nyamaza,” Baba alimwambia, kwa upole. “Ulitaka kunipa zawadi.” Alijipangusa uso kwa kiganja, kuanzia juu hadi kidevuni, kama anavyofanya anaposhindwa dominoni. “Haya, Nereida. Umeshinda. Ihamishe. Weka mkononi. Kesho saa kumi na moja alfajiri abiria wa Santa Clara wananingoja uwanjani.”

Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Saa nzima nilikuwa nimepigania ruhusa ile, na sasa nilipewa. Niliingiza kichwa chini ya usukani, nikaweka ncha kwenye skrubu ya kwanza. Usawa wa macho yangu kulikuwa na kitufe, na kando ya kitufe, upana wa kiganja tu, kulikuwa na pedali ya klachi.

Nilitazama pedali ile. Mguu uleule. Mguu usiojua kitufe kilipo unakanyaga klachi mara mia mbili kutoka hapa hadi Santa Clara, mlimani, na watu saba ndani. Nina diploma, naweza kuhamisha waya wowote kwenda popote. Klachi siwezi kuiweka mkononi. Na nilikuwa najua hivyo tangu nilipomvua soksi. Nilikuwa nimeshika bisibisi ili nisilijue. Yaíma alidanganya kwa mdomo, mimi nilikuwa nakaribia kudanganya kwa vyombo vya kazi.

Nikatoa kichwa.

“Siihamishi,” nikasema.

“Sasa unanichezea.”

“Klachi, Baba.”

Hakuuliza ninamaanisha nini. Ni dereva. Alishika usukani kwa mikono miwili, saa tisa na saa tatu, kama siku ya mtihani wa leseni. Nilisubiri anifokee. Ningefurahi kama angenifokea.

“Hortensia angesemaje?” aliniuliza.

“Angekwambia ushuke, kidonda kinatakiwa daktari. Na angekupiga na kile kiatu kingine.”

Akacheka kidogo kwa pua. Halafu akasema jambo lililokuwa linamkaa kooni siku zote hizo: “Nikishuka humu, mimi ni nani? Mzee wa kubembea kitini. Mtanipa mbaazi nichambue.”

“Mbaazi utachambua, hilo halina ubishi. Asubuhi utakaa kiti cha mbele hapo, utaniambia shimo liko wapi. Mimi barabara hiyo siijui kama wewe. Na abiria wanapanda Bonge kwa ajili ya maneno yako, si kwa ajili ya viti. Mimi sina maneno.”

“Hilo kweli huna.”

“Nina leseni. Niliendesha lori la kiwanda miaka sita. Feni zitasubiri mchana.”

“Utaendesha wewe? Kesho?”

“Leo. Sasa hivi. Kituo kinafunguliwa baada ya dakika kumi. Shuka, Baba. Zunguka upande wa pili.”

Akafungua mlango. Akaushusha mguu wenye kitambaa kwanza, akauangalia ukifika chini, kwa sababu sasa alijua kwamba lazima auangalie. Yaíma alimletea kandambili, akazivaa bila ubishi, akazunguka mbele ya gari taratibu akiwa ameweka kiganja juu ya boneti mpaka alipofika upande wa pili.

Nilichukua nyundo, nikapiga lile bati lililoinuka, mapigo manne, likalala. Nikapitisha kidole: halikati. Kisha nikaketi kwenye usukani. Kiti kilikuwa bado na joto lake na kilikuwa mbali, nikakivuta mbele. Baba aliketi kando yangu, mikono mapajani, hajui pa kuiweka.

“Kiatu,” alisema, akiangalia mbele.

“Kiatu nini?”

“Cha kushoto.”

Nilitaka kumwambia kwamba kuendesha peku ni ujinga na kwamba ujinga huo ndio uliotufikisha hapa. Nikavua kiatu cha kushoto, nikampa Yaíma, aliyekwisha kupanda nyuma, akishike. Mimi mguu wangu unasikia.

Nikawasha injini na taa, nikakanyaga kile kitufe. Raba ilikuwa na mfereji katikati, umechimbwa na ngozi ya mtu mmoja kwa miaka yote hiyo, na ukingoni kulikuwa na vichwa vitatu vya misumari midogo ya fundi viatu. Duara za njano zikashuka ukutani hadi mstari wa chini. Nikakanyaga tena zikapanda. Nikakanyaga mara ya tatu ingawa haikuwa na haja.

“Zipo chini,” Baba alisema. “Naziona.”

Nikatoa Bonge kinyumenyume. Barabarani giza lilikuwa limeanza kujikusanya kwenye miti, na kutoka upande wa uwanja Canelo alikuwa anakuja na gari lake, abiria wanne, Ciro mbele na shati safi. Niliziacha chini. Farasi alipita masikio yamelala, hakupunguza mwendo. Ciro aliona nani yuko kwenye usukani, akamtazama aliyekaa kando, akanyanyua kofia juu kabisa.

Baba alitoa kichwa dirishani.

“Unaona? Mtu wa San Salvador akitaka, anashusha!”

“Huyo ni mwanao!” Ciro akamjibu kutoka nyuma.

“Ndiyo,” Baba alisema, si kwa Ciro. Akarudisha kichwa ndani, akanyoosha mkono kunionyesha njia. “Kata kushoto hapo. Polepole, kuna shimo.”

Nikakata kushoto.